Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Mjini: Jua Nauli Kabla ya Kupanda

Msafiri wa basi atokaye Nandagala kwenda Dar es Salaam kupitia Ruangwa hulindwa na nauli kikomo tunayoipanga. Akishuka Dubai kununua bidhaa, mamlaka yetu hayamfikii. Kinga yake ni kujua mapema.

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni treni ya mjini, Metro, yenye vituo katika Jengo la Abiria la 1 na la 3. Nauli hulipwa kwa kadi ya Nol. Jengo la 2 halina kituo, na treni haifanyi kazi usiku kucha. Njia ya pili ni teksi rasmi, ambayo mita yake huanzia dirhamu 25 kwa abiria watokao uwanjani.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi ya ndege, tazama saa ya kufika na jengo utakaloshukia. Ukifika saa tisa usiku, tenga fedha ya teksi. Usimfuate anayekuita ukumbini. Panga foleni rasmi, hakikisha mita imewashwa, na udai risiti. Ukisahau begi, risiti hiyo ndiyo itakayolitambulisha gari.