KUHESABU VIJANA WASIOSIKIA VEMA

Kijana wa Usagara akiitwa mara tatu asiitike, huenda akaitwa mkaidi, kumbe masikio yake ni mazito. Basi idadi ya vijana kama huyo hujulikanaje? Kuwahesabu wale tu waendao hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, hakutoshi, maana hao ugonjwa wao umekwisha kuonekana. Wala kuuliza hakutoshi, kwa kuwa aliyepungukiwa polepole hajui ya kuwa wenziwe husikia zaidi. Sharti wapimwe hata waonekanao wazima.

Kijana huketi mahali pa kimya, akavikwa vyombo vya kusikilizia. Mpimaji hutoa sauti nene na nyembamba, akizidi kuzipunguza. Naye huinua mkono kila asikiapo. Kila sikio hupimwa peke yake. Nguvu ya sauti huhesabiwa kwa desibeli. Sikio zima husikia hata sauti ya desibeli 20.

Kwa mfano, wakipimwa vijana 200, wakaonekana 6 wasiosikia vema, ndio 3 katika kila 100. Ndipo hujulikana wangapi watibiwe, na wangapi waketishwe mbele darasani, badala ya kuadhibiwa bure.

Maswali
1. Kwa nini kuuliza hakutoshi?
2. Wakionekana 8 katika vijana 400, ni wangapi katika kila 100?