Televisheni ya Kazini: Kulinganisha Mawimbi na Kioo

Mwongozo huu ni wa watu wa Tabaka, mji wa wachongaji wa mawe nchini Kenya, ambao televisheni kwao ni chombo cha kazi: mwenye duka la vinyago anayewaonyesha wageni kazi zisizokuwepo rafuni, mwenye ukumbi wa mpira, anayesimamia mitambo kanisani, na fundi anayeitwa kufunga king'amuzi. Anayesikiliza taarifa ya habari nyumbani anaweza kuvumilia picha yenye ukungu. Anayeuza sahani ya jiwe iliyopakwa rangi, kisha ikachanjwa kwa ncha ya chuma hadi mistari myembamba myeupe ikajitokeza, hawezi kuivumilia. Mteja anayetaka kuagiza sahani 20 za namna hiyo ataamua kwa kile anachokiona kwenye kioo. Kioo kikiipoteza mistari hiyo, kazi ya mchongaji nayo imepotea.

Mara nyingi televisheni yenyewe ni nzima. Kasoro hutokana na picha kukuzwa na kupunguzwa mara mbili au tatu njiani kabla haijafika kwenye kioo, na hakuna aliyeagiza hivyo. Lengo la maelekezo haya ni kuhakikisha kazi hiyo inafanyika mara moja tu, na ikiwezekana isifanyike kabisa.

Kioo kina pikseli ngapi

Kioo cha televisheni bapa kimegawanywa katika nukta ndogo ziitwazo pikseli, na idadi yake huwekwa kiwandani. Hakuna rimoti wala fundi awezaye kuibadilisha. Televisheni za zamani zenye mgongo mrefu zilichora picha kwa mwale uliopita juu ya kioo, kwa hiyo hazikuwa na gridi kama hii.

Vipimo vitatu vinatosha kuvikumbuka. Televisheni nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani kama milioni 1 na ushei. Zinazoitwa Full HD zina 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Za 4K zina 3840 kwa 2160, ambazo ni 8,294,400, mara nne kamili ya Full HD.

Usiamini maandishi ya nje ya boksi peke yake. Boksi likisema televisheni inapokea 1080p, maana yake ni kwamba inakubali picha ya aina hiyo ikiletwa kwa waya. Haisemi kwamba kioo chenyewe kina mistari 1080. Televisheni yenye mistari 768 huipokea picha ya 1080, ikaipunguza, kisha ikaonyesha kwenye kona ya kioo maandishi ya 1080p, na mnunuzi akaondoka akiwa ameridhika. Soma namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni, kisha utafute kwenye tovuti ya mtengenezaji idadi ya pikseli za kioo. Asiyeweza kukuonyesha namba hiyo dukani asilipwe bei ya Full HD.

Mawimbi nayo yana kipimo chake

Tangu mwaka 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa nchini Kenya, picha ya televisheni hufika Tabaka kwa njia ya dijitali, na wengi huipokea kupitia king'amuzi. Kituo kinachopeperushwa kwa kiwango cha kawaida huwa na mistari 576. Cha kiwango cha juu huwa na 720 au 1080. Kila picha ambayo mistari yake hailingani na ya kioo lazima ikuzwe au ipunguzwe, na hapo ndipo matatizo huanza.

Chukua picha ya 720 kwenye kioo cha 768. Mtu angedhani tofauti hiyo ndogo haina madhara, kumbe ndiyo mbaya. Kila mistari 15 ya picha inapaswa kutandazwa juu ya mistari 16 ya kioo. Hakuna mstari wa kukatwa vipande, kwa hiyo televisheni huchanganya rangi za mstari mmoja na jirani yake, na mchanganyiko huo hujirudia kila baada ya mistari 16, kutoka juu hadi chini. Maandishi madogo hupata ukungu hapa na kuwa safi pale. Picha ya 1080 ikiingia kwenye kioo hichohicho, mistari 45 hubanwa iwe 32. Kwa upande mwingine, kwenye kioo cha 4K kila pikseli ya 1080 huchukua nafasi ya pikseli mbili kamili kwa upana na mbili kwa kimo, na ya 720 huchukua tatu kamili. Hesabu isiyo na sehemu ndiyo nafuu ya 4K kwa mtu ambaye hana picha ya 4K ya kuonyesha.

Televisheni ikikuza mistari 576 hadi 1080, haiongezi chochote kilichoachwa na kamera. Hukisia. Mchongaji analijua jambo hili bila kufundishwa: jiwe lililokwisha kupunguzwa hulainishwa kwa msasa likang'aa, lakini halirudishiwi unene. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba televisheni fulani hugeuza kila kituo kuwa 4K, mwombe akuonyeshe jezi ya mchezaji aliye mbali na kamera na akusomee namba iliyo mgongoni.

Waya na king'amuzi

Anza na waya. Kumbi nyingi bado zimeunganisha king'amuzi kwa ule waya wenye vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Kichwa cha njano hubeba picha ya kiwango cha kawaida tu, hata kama king'amuzi kinapokea mechi kwa kiwango cha juu. Uondoe, weka waya wa HDMI. Hakuna badiliko jingine lenye gharama ndogo hivi litakalokupa tofauti kubwa kama hii.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi na utafute mahali pa kuchagua mistari ya picha inayotolewa. Kama kuna chaguo la kufuata chanzo, lichague, ili kila kituo kitoke kama kilivyoingia na televisheni ifanye ukuzaji peke yake. Chaguo hilo likikosekana, weka 1080 kwa kioo cha Full HD na cha 4K. Kwa kioo cha 768 hakuna jibu moja. Jaribu 720, jaribu 1080, huku ukitazama mstari wa habari unaopita chini ya kioo, na uchague ule ambao herufi zake zinasomeka bila kuonekana zenye meno. Maandishi yanayotembea hufichua kasoro upesi kuliko uso wa mtangazaji.

Kwa mpira kuna la ziada. Picha iitwayo 1080i huletwa nusunusu: mistari yenye namba witiri kwanza, kisha ya shufwa, na nusu hizo huja mara 50 kwa sekunde. Televisheni lazima iziunganishe kabla ya kukuza. Ikifanya vibaya, mpira unaoenda kasi huonekana umechanika ubavuni kwa mistari. Ukiliona hilo, badilisha king'amuzi kitoe 1080p au 720p, yaani picha nzima, ili muungano ufanyike ndani yake, kisha linganisha.

Kingo zilizokatwa

Televisheni nyingi, hata mpya, hukata kingo za picha kidogo na kuivuta iliyobaki ijaze kioo. Desturi hiyo imerithiwa kutoka televisheni za mgongo mrefu, ambazo kingo zake hazikuwa safi. Kwenye kioo bapa haina kazi yoyote, na madhara yake ni mawili: bei uliyoandika chini ya picha ya kinyago hukatwa, na picha ya 1080 iliyokuwa inalingana na kioo pikseli kwa pikseli hukuzwa bure na kupata ukungu.

Kuizima ni rahisi ukijua jina lake. Kwenye LG tafuta "Just Scan", kwenye Samsung "Screen Fit" au "Fit to Screen", kwenye Sony "Full Pixel". Nyingine zina swichi iitwayo "Overscan", nayo izimwe. Ukiwa hapo, punguza pia "Sharpness". Mipangilio hiyo haiongezi undani, huchora tu ukingo mweupe kandokando ya kila kitu, na kinyago cha rangi ya waridi huonekana kama kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Kuthibitisha, tumia kompyuta. Iunganishe kwa HDMI, uiweke itoe idadi ileile ya pikseli za kioo, kisha fungua programu ya kuchora na utengeneze picha ya ukubwa huohuo yenye mistari myeusi na myeupe, kila mmoja wa pikseli moja. Itazame ikiwa imejaza kioo bila kukuzwa. Ukisogea karibu na kuona kila mstari peke yake, umefaulu. Ukiona mikanda ya kijivu inayojirudia, basi picha bado inakuzwa au kupunguzwa mahali fulani. Jaribio hilihili ndilo la kufanya dukani kabla ya kulipa, na muuzaji mwaminifu hatalikataa.

Kwa wenye maduka ya vinyago

Simu nyingi hupiga picha yenye umbo la 4 kwa 3, ilhali kioo ni 16 kwa 9. Televisheni ikiwekwa ivute kila picha ijaze kioo, upana huongezeka kwa theluthi moja. Twiga wa jiwe mwenye shingo nyembamba hugeuka mnene, na mteja aliyevutiwa na umbo hilo nene atalalamika akipokea mzigo. Weka umbo la asili na uache pande nyeusi zibaki.

Picha ya 4000 kwa 3000, ikiingia yote kwenye kioo cha Full HD, hupunguzwa hadi 1440 kwa 1080. Mstari uliochanjwa ambao katika picha una upana wa pikseli mbili hubaki chini ya pikseli moja, na machanjo yaliyosongamana huanza kumetameta au kufanya mawimbi ambayo hayamo kwenye jiwe. Dawa yake ni kuandaa picha mbili kwa kila kazi. Ya kwanza ni ya kinyago kizima, ukiipunguza mwenyewe kwa kompyuta hadi kimo cha 1080. Ya pili ni kipande cha 1920 kwa 1080 kilichokatwa kutoka picha ya awali bila kupunguzwa hata kidogo. Katika hiyo ya pili mteja ataona mishipa ya jiwe, alama za msasa na kina cha kila chanjo. Picha hizo zihamishwe kwa kebo au diski ya USB. Zikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na hakuna mpangilio wa televisheni utakaorudisha kilichoondolewa. Kama lazima zipite huko, zitume kama hati.

Umbali wa mtazamaji

Jicho zima haliwezi kutenganisha nukta zilizosongamana likiwa mbali. Kwa televisheni ya inchi 43, anayekaa zaidi ya mita 1.7 kutoka kwenye kioo hawezi tena kutenganisha pikseli za Full HD, na akivuka mita 2.5 hata 720 na 1080 humwia sawa. Mwenye ukumbi ambao benchi la kwanza liko mita 3 kutoka ukutani asilipie 4K ya inchi 43; fedha hizo anunue kioo kipana zaidi. Dukani mambo ni kinyume, kwa sababu mteja husimama hatua moja kutoka kwenye kioo na kuinama achunguze. Huko 4K ina thamani, mradi picha zenyewe ziandaliwe kwa 3840 kwa 2160 na televisheni izionyeshe hivyo. Baadhi ya televisheni za 4K huonyesha picha za USB kwa 1080 tu, kwa hiyo fanya jaribio la mistari kupitia USB pia.

Mipangilio huhifadhiwa kwa kila tundu la HDMI peke yake katika televisheni nyingi. Ukihamisha waya kutoka tundu la kwanza hadi la pili, kingo zitaanza kukatwa upya. Andika kwenye karatasi idadi ya pikseli za kioo, tundu lililopangwa na mistari iliyochaguliwa kwenye king'amuzi, kisha uibandike mgongoni mwa televisheni, ili atakayeshika zamu yako asianze kubahatisha dakika chache kabla ya mechi.