Betri Nayo Huchoka



Mwaka juzi darasa letu la kisomo hapa Sepuka lilichanga fedha za alizeti, likanunua betri ya taa. Ilikuwa ile betri nzito yenye maji makali. Sola iliijaza taratibu mchana, na usiku tulisoma saa mbili bila wasiwasi.

Ikaja wiki ya mawingu. Sola ikashindwa. Sisi tukaona tusisubiri. Tukaipeleka betri kwenye chaja kubwa ya betri za malori, tukaomba ijazwe upesi. Baada ya muda ilikuwa ya moto, imevimba ubavuni, inanuka kama yai bovu. Tulirudi tukifurahi kwamba imejaa. Haikufika miezi mitatu, taa ikawa inazimika hata ukurasa mmoja haujaisha.

Kosa lilikuwa letu sote. Hatukuuliza. Leo tunaandika ili wewe uulize mapema, maana siku hizi betri haziwashi taa tu. Zinaendesha magari.

MAGARI YA UMEME YAMEKARIBIA

Kigali, nchini Rwanda, pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019. Nairobi, mabasi ya umeme yalianza mwaka 2022. Dar es Salaam, bajaji za umeme zipo barabarani. Usichanganye na treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza mwaka 2024. Ile inapata umeme kutoka waya ulio juu yake. Gari na bajaji hubeba umeme wao ndani ya betri.

Hapa kwetu vijana wa kikundi kimoja walitujia na swali: "Tukikopa tununue bajaji ya umeme, betri itafika mwisho wa mkopo?" Ni swali la watu wenye akili. Betri ni sehemu kubwa ya bei ya chombo. Ikifa kabla ya deni kuisha, mkopaji atabaki na bati na deni.

NDANI YA BETRI KUNA NINI?

Magari mengi ya umeme hutumia betri za litiamu. Litiamu ni metali nyepesi sana. Betri hizi zilianza kuuzwa Japani mwaka 1991. Hata simu yako inayo, ila ndogo. Mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya betri hizi.

Betri ina pande mbili. Ukichaji, chembe za litiamu hutoka upande mmoja, huvuka, na kujipenyeza upande wa pili. Ukiendesha gari, hurudi zilikotoka. Upande wa pili mara nyingi ni grafiti, ile ile iliyomo ndani ya penseli unayoandikia. Madini hayo yapo hata Tanzania, kule Mahenge mkoani Morogoro.

MFANO WA ZIZI

Hebu fikiri ng'ombe wanaporudi jioni. Ukiwaswaga polepole, wanaingia zizini mmoja mmoja, kila mmoja anapata pake. Ukiwachapa fimbo wote kwa pamoja, watasongamana mlangoni. Nguzo zitalegea, na wengine watabaki nje.

Betri ni hivyo hivyo. Umeme ukiingia kwa nguvu kupita kiasi, chembe za litiamu hukosa nafasi ya kupenya. Baadhi huganda juu ya grafiti kama utando. Zilizoganda hivyo, baadhi hazirudi tena kazini. Betri inapungua uwezo, na utando ukizidi unaweza hata kuleta moto.

Mambo matatu huongeza hatari hiyo:

Kwanza, betri kuwa karibu kujaa. Zizi likishajaa, ng'ombe wa mwisho hupata taabu kuingia. Ndiyo maana chaja za haraka hupunguza nguvu betri ikifika kama asilimia 80.

Pili, baridi kali. Chembe huenda polepole, kama sisi asubuhi za mwezi wa saba.

Tatu, joto. Hili haligandishi litiamu, lakini huchakaza betri kwa njia nyingine. Chaji ya haraka yenyewe huleta joto. Ukiongeza na jua la mwezi wa kumi, betri inaumia mara mbili.

TUFANYE HESABU

Tuseme betri ya gari inabeba uniti 40, zile zile uniti za LUKU. Soketi ya nyumbani inatoa kama uniti 2 kwa saa. 40 gawanya kwa 2 ni saa 20.

Chaja ya haraka inaweza kutoa uniti 50 kwa saa. Kutoka asilimia 20 hadi 80 ni uniti 24. Hiyo ni kama nusu saa, au zaidi kidogo.

Basi, chaji ya haraka ni dawa ya safari, si chakula cha kila siku. Haiui betri kwa siku moja, na magari mengi yana mitambo ya kuilinda. Lakini ukiitumia kila siku, betri huzeeka mapema zaidi. Makampuni mengi ya magari hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, kwamba uwezo hautashuka chini ya asilimia 70. Bajaji na pikipiki zina masharti yake. Lazima uyasome.

KABLA HUJAWEKA SAHIHI

1. Uliza ni betri ya litiamu au ya maji makali. Bajaji nyingine zina ya maji makali. Hiyo usiitumie ikaisha kabisa, na usiiache bila chaji. Ya litiamu hupenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80. Zipo za aina nyingine, kwa hiyo fuata kitabu chake.
2. Tumia chaja iliyokuja na chombo. Usiazime ya jirani.
3. Chaji usiku kivulini, chombo kikishapoa.
4. Dai dhamana kwa maandishi. Linganisha miaka ya dhamana na miaka ya mkopo.
5. Betri ikivimba, usiitoboe. Iweke nje, mbali na nyumba na watoto, umwite fundi.

Kitabu kikiwa cha Kiingereza, kilete darasani tukisome pamoja. Wale vijana bado hawajakopa. Wamemwandikia muuzaji barua ya maswali, kwa mkono wao wenyewe. Tunangoja majibu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini betri ya darasa letu ilikufa?
2. Mkopo ni wa miaka 3, dhamana ya betri ni mwaka 1. Ungeshauri nini?
3. Betri ya bajaji inabeba uniti 6. Soketi inatoa uniti 2 kwa saa. Itajaa kwa saa ngapi?