Mdoli Kwanza, Kisha Mtoto

Ndugu mwanafunzi, katika masomo mengine tumesema juu ya yale unayopaswa kujua. Leo tunasema juu ya mikono yako. Kichwa kinaweza kujua neno, na mikono isilijue hata kidogo.

Tuseme uko staji katika nyumba ya kuzalisha, katikati ya usiku. Mzalishaji mkubwa ameitwa kwa mama mwingine. Mama aliye mbele yako anazaa. Mtoto anatoka, ana uzito mzuri, lakini halii wala hapumui. Wewe unajua la kufanya. Wiki iliyopita uliandika hatua zote kwa mpango, mwalimu akakupa tisa juu ya kumi. Lakini sasa ambu iko wapi? Unaitafuta kabatini. Unaipata, lakini maski haikuungwa nayo. Unaiunga, unaiweka usoni pa mtoto, unakamua, na kifua hakipandi. Mama anauliza, "Mbona halii?" Wewe hujibu neno, na mikono yako inatetemeka.

Je, kosa lako ni nini? Si uvivu, wala si ujinga. Hii ni mara ya kwanza mikono yako kufanya kazi hii, na mara ya kwanza imeangukia juu ya mtoto wa mtu.

Katika watoto 10 wanaozaliwa, karibu 1 anahitaji msaada fulani ili aanze kupumua. Wengi wa hao wanaanza wenyewe ukiwapangusa na kuwasugua mgongo. Wachache tu wanahitaji ambu. Ni habari njema, lakini ndiyo inayotuletea shida hii: kwa sababu ni wachache, unaweza kumaliza staji nzima bila kumwona hata mmoja. Kisha unapata diploma yako, unatumwa kwenye kituo cha afya cha mbali, na mtoto wa namna hiyo anakuja usiku ukiwa peke yako. Staji haiwezi kukupangia ugonjwa uje siku mwalimu yupo. Mdoli unaweza.

Wanafunzi wengine wanacheka wanapoona mdoli juu ya meza ya darasa. Wanasema, "Sisi ni watu wazima, tucheze na midoli?" Fahamu kwamba jambo hili si mchezo, tena si jambo jipya. Katika Ufaransa alikuwako mzalishaji jina lake Angélique du Coudray. Mwaka 1759 mfalme Louis wa 15 alimpa barua ya ruhusa kuzunguka nchi yote na kufundisha wanawake wa vijiji kazi ya kuzalisha. Wengi wao hawakujua kusoma. Kwa hiyo alishona kwa kitambaa na ngozi mwili wa mama toka kiuno mpaka mapaja, pamoja na mtoto wa kitambaa aliyeweza kugeuzwa tumboni namna mbalimbali. Maelfu ya wanawake walijifunza hivyo. Chombo kimoja cha namna hiyo kinatunzwa hata leo katika nyumba ya makumbusho huko Rouen. Na mwaka 1911, katika hospitali ya Hartford huko Marekani, shule ya wauguzi ilipata mdoli mkubwa kama mtu mzima, ili wanafunzi wajifunze kumgeuza mgonjwa, kumwosha na kumtandikia kitanda mbele ya kwenda kwa wagonjwa wenyewe.

Tunapenda sana habari ya yule mama Mfaransa, kwa sababu hakuwa na umeme wala mashine. Alikuwa na sindano ya kushonea, uzi na pamba.

Sasa sikia habari ya karibu zaidi, maana ina onyo ndani yake. Katika Tanzania, mkoa wa Manyara, iko hospitali ya Waluteri inayoitwa Haydom. Ilianzishwa na wamisionari wa Norway, ikafunguliwa mwaka 1955. Mwaka 2010 chama cha waganga wa watoto cha Marekani kilitoa mafunzo ya kusaidia watoto wachanga kupumua, pamoja na mdoli wa mpira unaojazwa maji ili uwe na uzito kama mtoto. Wafanyakazi wa Haydom walifundishwa siku moja. Miezi ilipopita walipimwa tena mbele ya mdoli, wakaonekana kuwa wamefanya maendeleo makubwa. Basi, watu wangeweza kufurahi na kufunga kitabu. Lakini waliokuwa wakiangalia kazi yenyewe katika chumba cha kuzalia, wakishika saa mkononi, waliona kwamba kwa watoto wenyewe kazi haikubadilika. Mbele ya mdoli walifanya vizuri, mbele ya mtoto walifanya kama zamani.

Walifanya nini basi? Hawakutupa mdoli. Waliuleta pale pale kazini, na kila wiki wafanyakazi walifanya zoezi fupi la dakika 3 mpaka 5. Mwaka mmoja mbele ya desturi hiyo, katika kila watoto 1000 waliozaliwa wazima, 11.1 walikufa katika saa 24 za kwanza. Mwaka uliofuata hesabu ilishuka mpaka 7.2. Hesabu mwenyewe: ni karibu watoto 4 katika kila 1000. Habari hii ilichapishwa mwaka 2015.

Kwa hiyo usiseme, "Mimi nilikwisha kufanya zoezi la ambu katika mwaka wa pili." Ulilifanya, na mikono imelisahau. Dakika tano kila wiki ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka.

Tuonyeshe sasa namna ya kufanya zoezi lenyewe. Muwe watu watatu. Mmoja ni mzalishaji, mmoja ni mama, wa tatu anashika saa na kuandika. Yule aliye mama afiche mdoli chini ya kitenge, augue, aseme kama mama anavyosema kweli. Asimwambie mzalishaji kama mtoto atalia ao hatalia. Hapo ndipo zoezi linakuwa zoezi. Ukijua mwisho wake mbele, unafanya kuimba tu.

Mzalishaji aanze mbele ya mtoto kutoka: anawe mikono, atayarishe vitambaa viwili vikavu, aunge ambu na maski, aijaribu kwa kuikamua juu ya kiganja chake. Mtoto akitoka, ampanguse kabisa, aondoe kitambaa kilicholowa, atazame: analia? Kama halii, amfunike joto, amweke kichwa sawa, asiinamishe kidevu kifuani wala asikirudishe kichwa nyuma sana, amsugue mgongo kwa upole. Kunyonya makamasi ni kwa mtoto ambaye kinywa ao pua yake imezibwa, si kwa kila mtoto. Kama bado hapumui, afunge kitovu na kukikata upesi, ampeleke pahali pa ambu, aanze kupuliza. Yote haya yatimizwe katika dakika ya kwanza. Kukamua ni mara 40 hivi kwa dakika, hesabu kwa sauti, "Kamua, mbili, tatu, kamua, mbili, tatu."

Na jicho liwe kifuani. Kama kifua hakipandi, hewa haiingii, hata ukikamua mpaka asubuhi. Weka maski upya, weka kichwa upya, tazama kinywa, fungua kinywa kidogo, kisha kamua kwa nguvu zaidi kidogo. Wanafunzi wengi wanakosa hapa, maana wanaangalia mkono wao ao uso wa mwalimu.

Mshika saa aandike kwa uaminifu: maski iligusa uso katika sekunde ya ngapi? Mara nyingi mwanafunzi anafikiri alikuwa mwepesi, na saa inasema dakika moja na nusu. Tena aandike kama mzalishaji aliita msaada, na kama alimwambia mama neno lolote. Kumwambia mama, "Mtoto hajaanza kupumua, ninamsaidia," hakupotezi sekunde hata moja, maana mikono inaendelea.

Utaona pia makosa ya desturi yakitoka yenyewe katika zoezi: kumpiga mtoto makofi, kumning'iniza kichwa chini, kumwagia maji baridi. Mkono unafanya ulivyoona kwa wakubwa. Ni vizuri yatoke juu ya mdoli, tupate kuyaondoa pale.

Zoezi likiisha, msitawanyike. Kaeni pamoja dakika chache, maana sehemu hii inafundisha kupita zoezi lenyewe. Mwalimu asianze kuhukumu. Amwulize kwanza aliyefanya: Uliona nini? Ulifikiri nini wakati ule? Kitu gani kilikwenda vizuri? Safari nyingine utabadilisha nini? Kisha mama aseme alivyosikia moyoni, na mshika saa asome alichoandika. Halafu zoezi lirudiwe mara moja tena, ili mikono ilale na njia iliyo sawa. Kusema "vizuri, vizuri" tu hakumsaidii mtu, na kumchekesha mwanafunzi mbele ya wenzake ni kubaya zaidi. Mwanafunzi aliyechekwa darasani ataficha kosa lake hospitalini, na kosa lililofichwa hospitalini lina mgonjwa chini yake.

Labda unasema, "Shule yetu haina mdoli wa mpira." Basi mshone. Chukua kichwa cha mdoli wa plastiki wa sokoni, kwa sababu maski haishiki vizuri juu ya kitambaa. Mwili uwe wa vipande vya kitenge, ndani uweke mifuko ya mchanga mpaka upime kilo tatu. Chini ya kitambaa cha kifua laza mfuko tupu wa seramu, na mpira wake utokee kinywani mwa mdoli. Ukipuliza sawasawa, utaona kifua kikipanda. Kitovu ni mpira mwingine, na kondo la nyuma ni kitambaa chekundu. Hautakuwa mzuri kama ule wa dukani, lakini shingo yake italegea mkononi mwako kama ya mtoto, na ndivyo tunavyotaka.

Neno moja la kuangalia sana: ambu ya mazoezi iwe yake, itiwe alama, ilale pamoja na mdoli. Msichukue ambu ya chumba cha kuzalia kwenda nayo darasani. Siku mtakayoisahau huko ndiyo siku itakayotafutwa.

Kwa sindano, chungwa ao kipande cha sifongo kinatosha kufundisha mkono kuchoma, kuvuta na kusukuma dawa. Sindano iliyochoma chungwa haichomi mtu kamwe, nanyi wanafunzi msichomane. Lakini chungwa halina mshipa wa fahamu. Halitakufundisha ni pahali gani pa tako ambapo ukichoma utamlemaza mtoto mguu. Kwa neno hilo chukua kalamu, mwenzako avae suruali yake, mchore juu ya nguo zile sehemu nne za tako, uonyeshe kwa kidole sehemu ya juu ya nje. Fanya hivyo kwa watu wanene na wembamba, na pahali pa paja vilevile.

Sasa tusidanganyane: mdoli si mtu. Hautelezi kwa damu na maji, haupoi mikononi, wala hauna nyanya anayelia mlangoni. Katika Marekani walipima jambo hili kwa wanafunzi wa shule 10 za uuguzi, habari ikatolewa mwaka 2014: waliofanya hata nusu ya saa zao za staji kwa mazoezi ya namna hii walitoka sawa na wenzao waliokuwa kwa wagonjwa. Lakini huko walikuwa na walimu waliofundishwa kazi hiyo, na vyombo vya kutosha. Mkuu wa shule asichukue habari hii kuwa ruhusa ya kupunguza staji kwa sababu nauli ni ghali na mdoli uko kabatini. Kwetu mpango uwe huu: mdoli, kisha kuangalia mkubwa akifanya, kisha kufanya wewe, mkono wa mkubwa ukiwa karibu na wako, kisha kurudi tena kwa mdoli.

Maulizo

1. Kwa sababu gani wafanyakazi wa Haydom walifanya vizuri mbele ya mdoli, na kazi yao kwa watoto haikubadilika? Walifanya nini baadaye?

2. Unakamua ambu na kifua hakipandi. Utafanya mambo gani, na kwa mpango gani?

3. Mwenzako amekosa katika zoezi na wengine wanacheka. Wewe ndiwe mwalimu. Utasema nini?

4. Nenda leo katika chumba cha kuzalia unapofanya staji. Toka kitanda cha mama mpaka pahali ambu ilipo, ni hatua ngapi? Maski imeungwa nayo? Ni nani aliyeijaribu mara ya mwisho?