Intavyuu Huanza Mishomoroni

Intavyuu yangu ya kwanza ilikuwa saa tatu asubuhi, kwenye kampuni moja ya kliaringi kule Moi Avenue. Nilitoka Mishomoroni saa mbili kasorobo nikijiona nimewahi. Kufika Lights, matatu ikaganda. Sisi wa Kisauni, wenzetu wa Bamburi na wa Nyali, sote twang'ang'ania daraja lilelile la Nyali la mwaka 1980. Niliingia saa tatu na dakika ishirini, kola imelowa jasho. Bawabu akaniambia, "Wenzako washaingia."

Siku hizi, siku moja kabla ya intavyuu, napanda matatu saa ileile, nafika hadi mlangoni, narudi. Nauli yaniuma, ndiyo.

Na cheti cha maadili mema, usingoje uitwe ndipo ukitafute. Walipa ada kupitia eCitizen, waenda kupigwa alama za vidole Huduma Centre pale Posta, Digo Road, kisha wasubiri. Nakala weka mbili.

Lakini kilichonitoa ushamba ni ami mmoja mtaani, mstaafu wa kliaringi. Alinikalisha barazani kwake, akasema, "Haya, jieleze." Nikaanza: nimezaliwa Kisauni, kwetu tuko saba...

"Mwanangu, hujaja kuposa. Niambie wajua kufanya nini."

Akanitupia pajani BL kuukuu, ile hati ya shehena. "Mzigo wa nani? Kontena gani?" Niliduwaa. Diploma ninayo, ila karatasi yenyewe sikuwahi kuishika. Jioni mbili tuliisoma: jina la mpokeaji, bandari ulikopakiwa mzigo, nambari ya kontena yenye herufi nne na tarakimu saba. Akanieleza kwamba ushuru ukilipwa KRA bado hujamaliza. Wakala wa meli naye ataka chake ndipo akupe dilivari oda ya kutolea mzigo. Kisha akanitaka nirudie yote kwa Kiingereza, kwa sauti, watoto wa jirani wakinicheka. Kichwani Kiingereza changu kilikuwa safi, mdomoni kilikwaruza.

Intavyuu ya pili, kampuni nyingine, mama mmoja wa makamo alisukuma nakala ya BL mezani. "Soma nambari ya kontena."

Nikasoma herufi nne, tarakimu sita, nikasita. Ya saba ilikuwa imefifia. Nikamwambia siwezi kuikisia, naomba nakala nyingine.

Akafungua droo, akatoa iliyo safi.