Amani Inayolinda Moyo



Somo: Flp 4:4-7

Wapendwa vijana, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mnero, msimu wa korosho. Jioni moja kijana wa jumuiya yetu ndogo ndogo alinisindikiza njiani. Amemaliza chuo, ajira hakuna, na kwao wanamtegemea yeye asomeshe wadogo zake. Akaniambia, "Frateri, nasali rozari kila usiku, lakini silali. Au imani yangu ni ndogo?"

Nikamjibu haraka haraka, "Usijali, Mungu yupo." Akanyamaza. Kusema ukweli, palepale nilijua nimemfungia mlango.

Usiku ule nikafungua barua kwa Wafilipi. Paulo anatuambia tusihangaike kwa neno lolote, bali kila haja tuipeleke kwa Mungu kwa sala na shukrani. Nilishaisoma mara nyingi. Safari hii nikakumbuka aliandika akiwa wapi: kifungoni, hajui kama atatoka hai (Flp 1:13, 20). Halafu, kueleza kazi ya amani ya Mungu, alichagua neno la Kigiriki la kijeshi: amani hiyo itailinda mioyo yetu, kama askari wanavyolinda mji. Mfungwa mwenye askari mlangoni anasema moyo wake una mlinzi mwingine!

Sisi wa huku tunalielewa hilo. Mkulima akishapeleka korosho ghalani, anasubiri mnada. Bei haijui. Lakini anaweza kulala, maana ghala lina mlinzi. Mlinzi hapandishi bei. Kazi yake ni kuangalia mali isiibwe. Ndivyo ilivyo amani ya Kristo. Haituahidi ajira wiki ijayo. Inalinda kilichomo ndani, hofu isije ikatuibia upendo, tumaini na utu wetu.

Nikisoma filosofia nilimpenda Epikteto, aliyefundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Ni busara, na inasaidia. Ila Paulo ananipeleka mbele zaidi: yale nisiyoyaweza siyaachi tu, nayakabidhi kwa Baba anayenijua kwa jina.

Je, kuwa na wasiwasi ni kukosa imani? Hapana. Tumwangalie Yesu Gethsemane. Alihuzunika sana, jasho likamtoka kama matone ya damu (Lk 22:44). Hakuficha. Alimwambia Baba, na aliwaomba marafiki wakeshe pamoja naye (Mt 26:38).

Basi wiki hii tujaribu mambo matatu:

1. Itaje hofu yako kwa jina. Usiseme tu "Bwana, nisaidie." Sema, "Bwana, naogopa ada ya mdogo wangu ya Januari."

2. Weka shukrani moja kando yake, hata ndogo. Shukrani haifuti shida, ila inakukumbusha kwamba Mungu hajaanza leo kukutunza.

3. Tafuta mtu wa kukesha nawe: rafiki, padre, mlezi wa vijana. Na kama usingizi umegoma wiki kadhaa, nenda hospitali. Daktari naye ni mkono wa Mungu, si aibu.

Tena tusikilize vizuri kwenye Misa. Mara baada ya Baba Yetu, padre anatuombea amani na kukingwa na mahangaiko. Kisha tunatakiana amani. Aliye pembeni yako huenda hajalala usiku kucha. Usimpe mkono huku unaangalia pengine.

Kesho yake nilirudi kwa yule kijana, nikamwomba radhi. Tukakaa chini ya mkorosho, nikamuuliza, "Unaogopa nini hasa?" Akasema anaogopa macho ya mama yake kila anaporudi bila habari. Tukamwambia Mungu jambo hilo hilo, kwa maneno hayo hayo. Ajira bado hajapata. Ila juzi alinitumia ujumbe: "Frateri, nimeongea na mama. Jana nimelala."

Tusali: Bwana Yesu, wewe uliyeijua hofu, simama mlangoni mwa mioyo yetu usiku wa leo. Amina.

Swali la kutafakari: ni hofu gani ambayo hujawahi kumtajia Mungu kwa jina?