Zamu yako ya kaseroli

Mdogo wangu wa Minnesota, swali lako nimelisoma, na najua mko wengi mlio nalo ila mnaona haya kuuliza. Mzee wa kanisani kwenu amefariki, akina mama wa jikoni wamegawana zamu, nawe umepangiwa kaseroli ya watu 12, kile chakula cha kuoka kwenye bakuli moja kinachoungwa kwa supu ya kopo. Unaona kumpikia mfiwa kwa supu ya kopo ni kumkosea heshima, na moyo unakutuma uende na pilau.

Pika kaseroli, mdogo wangu, tena uipike vizuri. Mtu aliyefiwa hana hamu ya kuonja kitu kipya. Kwetu tunampelekea uji, wali na maharage, vitu ambavyo mdomo wake unavijua hata akiwa hajui leo ni siku gani. Wazee waliozaliwa huko, Minnesota, Iowa, Utah, mdomo wao unaijua kaseroli. Ndiyo waliyoikuta mezani kwa mama zao, na ndiyo iliyokuwa mezani walipowazika hao mama zao.

Usiidharau kwa sababu ya kopo. Mwaka 1897 mkemia mmoja wa kampuni ya Campbell, John T. Dorrance, alipata namna ya kuipunguzia supu maji, kopo likawa dogo na rahisi kusafirisha. Supu ya uyoga ya krimu ikaja mwaka 1934, Wamarekani wakiwa kwenye dhiki kubwa ya kiuchumi, na akina mama wakaona haraka kwamba ndani ya kopo kuna mchuzi mzito uliokwisha kupikwa. Hapakuwa tena na haja ya kusimama jikoni kukoroga siagi, unga na maziwa. Nyama kidogo, tambi au viazi, kopo moja juu yake, na familia nzima imeshiba. Walutheri wa Minnesota huiita supu hiyo, kwa utani, gundi ya Kilutheri. Yale maharage ya kijani yenye vitunguu vya kukaanga juu, unayoyaona kila sikukuu ya Shukrani, yalibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly na wenzake katika jiko la majaribio la kampuni hiyo huko Camden, New Jersey.

Kwa msiba huu mimi ningekuchagulia kaseroli ya viazi. Watu wa Utah wanaviita kabisa viazi vya msibani, na Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika Salt Lake City mwaka 2002, viliwekwa hata kwenye beji za ukumbusho. Havihitaji ufundi, vinahitaji usikivu.

Nunua mfuko wa viazi vilivyokunwa vya friza, wa gramu 850 hivi. Viache viyeyuke barafu kabisa, uvikamue kwa mkono. Ukiruka hapo, maji yake yatatokea chini ya bakuli na utapata uji. Kwenye bakuli kubwa changanya kopo moja la supu ya kuku ya krimu, vikombe viwili vya krimu chachu, vikombe viwili vya jibini ya cheddar iliyokunwa, kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo na nusu ya siagi yako. Siagi yote iwe nusu kikombe, iliyoyeyushwa. Sasa nisikilize hapa: kopo litakuambia uongeze maji. Hayo ni maelekezo ya anayetaka kunywa supu. Wewe usiongeze hata tone. Na chumvi usitie, kwa sababu kopo lina chumvi nyingi na jibini nayo ina yake. Pilipili manga inatosha.

Tia viazi, geuza taratibu, mimina kwenye bakuli la oveni la sentimita 23 kwa 33. Ndicho kipimo chao cha kila siku, kila nyumba inacho. Konifleksi, vikombe viwili, zivunje kwa kiganja lakini zisiwe unga, zichanganye na siagi iliyobaki, uzitandaze juu wakati bakuli linaingia kwenye oveni na si kabla. Zikilala juu ya viazi usiku kucha zitanyonya unyevu na kulegea, na ule mlio wa kutafuna ndio nusu ya utamu wake. Oveni iwe nyuzi 350 za Fahrenheit, kama 175 za Selsiasi, kwa dakika 45 hadi 50. Utajua viko tayari ukiona pembeni panachemka na juu pamekuwa na rangi ya asali.

Bakuli hilo linatosha watu 12 kama mezani kuna vyakula vingine. Likiwa peke yake, hesabu wanane. Ukiambiwa watu 24, pika mabakuli mawili. Usijaze moja refu, kwa maana katikati patabaki baridi huku pembeni panaungua. Mabakuli mawili yakiwa kwenye ngazi tofauti za oveni, yabadilishane nafasi nusu ya muda. Ukiwa na kipimajoto, katikati pasome nyuzi 165 za Fahrenheit. Ikifika kanisani isikae mezani bila moto zaidi ya saa mbili. Kuumwa tumbo wafiwa hawakuhitaji.

Ninyi Waislamu mnaoalikwa na majirani, supu ya kuku ya kopo kwa kawaida si halali. Tengenezeni yenu: siagi vijiko vitatu vya mezani, unga wa ngano vijiko vitatu, nusu kikombe cha mchuzi wa kuku wenu, nusu kikombe cha maziwa, korogeni motoni mpaka iwe nzito. Inakaa mahali pa kopo moja, na kwa kweli ni tamu kuliko kopo. Wote, wa kopo na wasio wa kopo, bandikeni kikaratasi kinachosema kuna maziwa na ngano. Wapo wasioweza kula.

Kuhusu chombo. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, na ni desturi nzuri, lakini usimtwike mfiwa deni hilo wiki hii. Kama inakwenda nyumbani kwake, tumia treya ya alumini ya kutupa, uiweke juu ya sinia gumu wakati wa kubeba maana hupinda. Kama inakwenda kwenye ukumbi wa kanisa, peleka bakuli lako la kioo, na jina lako libandike chini kwa utepe. Mabakuli yale yanafanana yote.

Na pilau ipike, mdogo wangu, ila baada ya wiki tatu hivi, wageni wakishaondoka na friza ya mjane imebaki na barafu tu. Nenda nayo wewe mwenyewe, ukae naye ale. Siku hiyo mpelekee na treya ndogo ya viazi iliyogandishwa ambayo haijaokwa, konifleksi zikiwa kwenye mfuko wake pembeni. Juu ya foili mwandikie kwa kalamu nene: yeyusha kwenye friji usiku mmoja, tandaza konifleksi, nyuzi 350, saa nzima.